Dobi ni Nani?

Wako watu wasemao kwamba neno "dobi" si Kiswahili safi, na kwamba yafaa tulitupe. Asili yake, wasema, ni Bara Hindi. Ndivyo hasa: katika Kihindi dhona ni kuosha au kufua, na dhobi ni yule aifanyaye kazi hiyo. Lakini neno "gari" nalo latoka huko huko, nami sijamwona mtu aliyekataa kulipanda kwa sababu hiyo.

Wengine hutaka tuseme "mfuaji". Neno hilo ni zuri wala silipingi; ila kufua hakuishii kwenye nguo. Mhunzi hufua chuma, sonara hufua dhahabu, na watu wa pwani hufua nazi kwa kifuo. Ukisema umemwona mfuaji, msikilizaji ana haki ya kuuliza: wa nini? Dobi haachi swali. Tena, nguo twafua sote. Dobi ni yule ambaye kufua ndiyo kazi yake na riziki yake. Huko Bara Hindi jina hilo lilikuwa pia jina la tabaka: mtu alizaliwa dhobi, akadharauliwa na waliojiona wa juu. Neno lilipovuka bahari liliuacha mzigo huo nyuma. Kwetu dobi ni kama seremala, hazaliwi, hufundishwa.

Ninalolipinga hasa ni jambo jingine. Katika miji yetu, mwenye duka la mashine huitwa dobi. Mama ajaye nyumbani akafua kwa mikono yake huitwa "mama fua". Litazame jina hilo, msomaji, kwa jicho la sarufi. Mama mboga ni mama na mboga zake. Biashara yake yaonekana. Lakini "fua" ni kitenzi kitupu, katika sura ile ile ya amri. Mama, fua!

Utasema kwamba "mama" ni neno la heshima, na kwamba wao wenyewe hujiita hivyo. Wengi hujiita hivyo, naam. Atafutaye kazi huitikia jina lolote aitwalo. Na ni heshima gani hiyo inayomsindikiza mama hadi mlangoni, kisha ujira wake ukapunguzwa kwa kuwa "ni kufua tu"?

Ni kufua tu! Asemaye hivyo na apewe shati jeupe la shule lenye doa la wino mfukoni. Atenge nguo nyeupe na za rangi, aloweke, asugue ukosi pasipo kuuchakaza, asuuze hata maji yatoke safi, atie buluu kwa kiasi, maana ikizidi shati hutoka na mabaka. Sweta nalo alianike kwa kulilaza, lisije likarefuka hata magotini. Dukani kazi hii hulipiwa kwa kila nguo, bei imebandikwa ukutani, wala hakuna athubutuye kumwambia mwenye duka, "Nifulie na hii pia." Nyumbani mara nyingi hulipiwa kwa siku au kwa beseni, na beseni hujazwa hata likafurika.

Jina peke yake halitaongeza shilingi, hilo nalijua. Lakini mtu akiitwa kwa jina la kazi yake, mwenye nguo hukumbuka kuuliza bei kabla ya kazi kuanza. Na mwanamume afuaye nguo za watu, yeye tumwite nani? Wengi humcheka tu. "Dobi" halichagui mume wala mke.

Basi akija kwenu mama huyo, mwamkie kwa jina la mwanawe, kama ilivyo ada. Na ukiitaja kazi yake kwa wengine, sema dobi. Sarufi yake ni nyepesi: dobi huyu amekuja, madobi hawa wamekuja. Usiseme "dobi hili", kana kwamba wataja beseni.