Siku ya Tatu Imepita, Jembe Liko Wapi?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaijua wote, na Dar es Salaam nzima hatuifuati. Tuna wageni wa aina mbili hapa mjini, na kwa wote wawili tumeigeuza. Yupo ambaye miezi inapita, mwaka unapita, hatujampa jembe. Yupo mwingine aliyekuja na jembe lake begani, na huyo tunamnyang'anya.

Wa kwanza unamjua. Ni Mmarekani au Mzungu wa Ulaya aliyekuja na kibali cha daraja C, kile cha watafiti, wanafunzi na watu wa kujitolea. Akimaliza miezi mitatu anaanza kuandika kuhusu "tofauti za utamaduni". Nimeyasoma maandishi hayo mengi na yanafanana kama maandazi ya karai moja. Watanzania ni wakarimu. Watanzania hawana haraka, kila jambo polepole. Hawana kitu lakini wana furaha. Hawajui kusema hapana. Na saa zao ziko kichwa chini, miguu juu.

Tuanze na saa, maana hiyo kweli ni tofauti. Huku karibu na ikweta jua linachomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo tunahesabu kuanzia kunapokucha. Kukishakucha ikapita saa nzima, ni saa moja. Ni hesabu nyepesi, mgeni mwenye nia anaimaliza kwa siku moja. Ukimwambia tukutane saa nne akaja saa kumi, mtacheka, na kesho yake hatarudia.

Sasa njoo kwenye kuchelewa. Tandale na Masaki ziko wilaya moja, Kinondoni, na kati yake hazifiki kilomita kumi. Dada wa Tandale anayefanya kazi za ndani Masaki anaamka saa kumi alfajiri, anachota maji, anaacha uji wa watoto, anapanda daladala ya kwanza, anashuka, anapanda ya pili. Masika yakianza, njia zetu za uchochoroni zinageuka vijito. Akifika saa mbili na robo badala ya saa mbili, bosi wake anaandika kwamba Waswahili hawajali muda. Huyu bosi hajawahi kufika soko la Tandale kabla ya adhana ya alfajiri akaona makuli wanavyoshusha magunia ya mchele na maharage kutoka mikoani. Pale ukichelewa dakika kumi gunia limebebwa na mwenzako. Mengi yanayoitwa utamaduni wetu ukiyakwangua kidogo unakuta mfereji ambao haukujengwa.

Na ile furaha? Ukimuuliza mtu wa huku habari za asubuhi, atakujibu nzuri. Hata kama usiku huo amefiwa atasema: "Nzuri, ila nimepata msiba." Sisi tunajua kwamba habari yenyewe iko baada ya "ila". Mgeni anasikia "nzuri", anaandika, anaondoka.

Hadi hapa nadhani tuko pamoja. Kuwacheka Wazungu wanaotuandika vibaya ni mchezo ambao vijana wengi tuliosoma tunaujua vizuri, na hauna gharama. Mimi hasira yangu iko upande wa pili. Nauliza: nani amemfanya huyu mtu akae mwaka mzima bila kusikia kinachosemwa baada ya "ila"? Ni sisi.

Nyumba ninayoishi Tandale ina vyumba sita. Uwani kuna bomba moja, choo kimoja na mita moja ya umeme tunayoichangia. Kwenye mlango wa choo imebandikwa karatasi ya zamu: nani anafagia uwanja na kuosha choo siku gani. Mwanzoni mwa 2025 walihamia wapangaji wawili wiki moja. Mmoja alikuwa binti wa Kimarekani aliyekuja kwa utafiti. Mwingine alikuwa mama wa Kikongo kutoka Bukavu, msusi. Jina la msusi liliandikwa kwenye karatasi siku yake ya pili. Tukamwita kwa jina la mwanawe, kama mama yeyote. Jina la Mmarekani halikuandikwa.

Alipotimiza miezi miwili alikwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba, kwa Kiswahili cha kujikongoja, akasema: "Mama, na mimi nipe zamu." Mama akamshika mkono akamwambia, "Mwanangu, wewe mgeni wetu, pumzika tu." Uwani wote wakafurahi. Mwisho wa mwezi sisi tulichanga elfu kumi kumi za umeme, yeye akaambiwa elfu thelathini, na feni yake moja kama zetu. Kwa hiyo ufagio hakupewa, lakini alilipia.

Hapo ndipo ninapouliza ukarimu huu ni wa nani. Kumweka mtu ugenini daima kuna faida zake. Nyanya anauziwa kwa bei yake, bajaji ina bei yake, chumba kina bei yake. Watoto wanamkimbilia barabarani kumwomba hela na sisi tunatabasamu mlangoni. Akipita mbele ya wazee bila shikamoo tunasema, "Mwacheni, hajui." Mwezi wa kwanza hiyo ni huruma. Mwezi wa nane ni dharau, kwa sababu maana yake ni kwamba hatutarajii ajue. Mtoto wetu wa miaka minne asiposalimu anarudishwa mlangoni aingie upya. Tunamrudisha kwa kuwa ni wetu.

Binti yule alipoondoka aliandika makala nzuri kuhusu majirani wa Tandale wanavyosaidiana usafi. Aliandika kwa mapenzi, sina ugomvi naye. Lakini hakujua kwamba zamu huwa inagombaniwa, kwamba mtu wa Jumamosi huwa anapotea Ijumaa usiku, kwamba fundi seremala wa chumba cha mbele na mke wa kondakta hawakusalimiana wiki mbili kwa sababu ya ndoo ya dawa ya choo. Angeyajuaje? Alikuwa amekalishwa kwenye kiti, na aliyekaa kwenye kiti anaandika anachokiona kutoka kwenye kiti.

Msusi yeye aliyajua yote. Ila yeye hakuna anayemwomba aandike "tofauti za utamaduni" kati ya Bukavu na Tandale, ingawa zipo na zinachekesha. Kiswahili chake kina vionjo vya kwao na chetu kilimshangaza. Alishangaa mashindano yetu ya taarabu na rusha roho, sisi tukashangaa sombe yake ilivyo tofauti na kisamvu chetu. Kwa lugha ya mjini yule wa kwanza ni "mgeni", huyu wa pili ni "Mkongo". Wa kwanza anaulizwa unaionaje Tanzania. Wa pili anaulizwa kibali kiko wapi.

Halafu ikaja Julai 2025. Serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15. Ndani yake kuna uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, utengenezaji wa simu, udalali, na saluni, isipokuwa zile za hotelini au za shughuli za utalii. Raia anayemsaidia mgeni kuzifanya naye ana kosa. Wakenya walilalamika sana, maana wengi wao wanajitafutia riziki huku kama Watanzania wengi wanavyojitafutia kwao.

Utaniambia wachuuzi wa Kariakoo walikuwa na hoja, na nakubali. Mtu mwenye mtaji na makontena akija kushindana na machinga kwa rejareja, machinga ataumia, na serikali isiyomlinda raia wake wa chini haina kazi. Lakini soma tena orodha. Ile hoja ilikuwa ya wenye makontena. Amri imeandikwa hadi kwenye kitana cha msusi. Sasa anasuka chumbani, mlango umefungwa, feni inazunguka, wateja wanaingia mmoja mmoja kama wagonjwa. Barazani alikokaa na kiti chake cha plastiki hakai tena, kwa kuwa mwenye nyumba anaogopa. Kwenye karatasi ya zamu jina lake bado lipo, Jumanne. Ya kufagia anaruhusiwa.

Tulikuwa tunajua kufanya vizuri zaidi. Kutoka Tandale ukivuka kwenda Sinza kuna kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Aliimba kwa Kiswahili kuhusu kifo, umaskini na dhuluma, na Ukimwi ulipoanza kutumaliza aliimba kuhusu kondomu wakati ambapo redio ya taifa haikutaka kuupiga wimbo huo. Hakuwa mtazamaji wa maisha yetu. Alitugombeza, alitutania, alitulilia, na alipofariki Desemba 2010 mji ulimzika kama wake. Jina lake halikuwekwa pale kwa sherehe. Abiria walisema tu "nishushe kwa Remmy" hadi likakaa. Hakuna anayepiga kelele hiyo leo akifikiria habari ya uraia.

Nawasikia wanaosema ukarimu ndio utamaduni wetu, je, unataka tuuache? Hapana. Ukarimu wetu wenyewe uliwekewa siku, na waliouwekea siku hawakuwa wachoyo. Walijua kwamba mtu asiye na kazi katika nyumba hana neno katika nyumba. Jembe la siku ya tatu ni heshima: maana yake sasa unahesabiwa, ukikosa tutakusema, ukiugua tutakuchangia. Kumnyima mtu jembe ni kumwambia hatutakuhesabu, hata tukimpikia pilau kila Ijumaa. Kumnyang'anya aliyelishika tayari ni vibaya zaidi, kwa sababu huyo alishakubali masharti yote.

Basi wewe unayesoma ukiwa umepanga Tandale, Manzese, Mbagala au Tandika, siku Mzungu akihamia uwani kwenu, mwandike Jumatano. Mchango wa umeme awe sawa na wako. Asiposalimia wazee, mwambie, na akikosea Kiswahili mrekebishe badala ya kumpigia makofi. Na kama kuna msusi aliyejifungia chumbani na kitana chake, mkutano wa mtaa ujao simama useme, mbele ya mwenyekiti na mtendaji, kwamba amri hii imemfikia mtu ambaye haikumkusudia, na kwamba huyu anafagia kila Jumanne na sisi tunamhitaji barazani.