Barua ya Mama wa Kidete

Miongoni mwa barua zilizofika mezani petu mwezi huu, moja imetoka Kidete, wilayani Kilosa. Aliyeiandika ni mama Mkristo ambaye kijana wake alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi mwaka 2019. Tangu mwaka 2021 simu ya kijana huyo haipatikani, wala wenzake hawajui alikohamia. Mama amesali miaka yote hiyo. Lakini kilichomfanya ashike kalamu ni maneno ya jirani yake, aliyemwambia kwamba angekuwa na imani ya kutosha, mtoto angekwisha rudi. Tangu siku hiyo chakula hakimpiti, na kila apigapo magoti husikia sauti ya jirani tu.

Mama, jirani yako amekosea. Wewe unaishi kando ya Reli ya Kati, na bila shaka unayakumbuka mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyoibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe hata treni za abiria zikasimama kwa miezi kadhaa. Je, yupo aliyemwambia abiria wa Kidete kwamba treni haikuja kwa sababu yeye hakuiamini? Mungu si treni, na mfano huu haufiki mbali. Tunachosema ni kwamba anayengoja hapaswi kubebeshwa lawama ya kuchelewa.

Mwangalie Hana, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Hakuwa na mtoto, naye mke mwenzake alimchokoza mwaka hata mwaka. Alipokuwa Shilo akisali, midomo ikicheza bila sauti, Eli alidhani amelewa. Na huyo Eli hakuwa mpita njia, alikuwa kuhani! Hana hakukubali shutuma ile kwa unyenyekevu wa uongo. Alimweleza kwa heshima kwamba hakunywa kileo, ila ana uchungu mwingi. Ndipo Eli alipogeuza maneno yake na kumbariki. Kisha Hana akaenda zake, akala chakula, uso wake ukakunjuka. Alikula, mama, na wakati huo mimba ilikuwa bado haijatungwa.

Wala tusidhani kwamba wazee wa imani walingoja bila kuyumba. Ibrahimu alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani kwa ahadi ya Mungu, na Isaka alizaliwa yeye akiwa na miaka 100. Katika miaka hiyo 25 alichoka, akazaa na Hajiri, na nyumba yake ikaingia ugomvi. Hata hivyo anaitwa baba wa imani.

Hatuwezi kukuahidi kwamba kijana atarudi. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake. Hakuondolewa, bali alipewa nguvu ya kuustahimili. Wanaoahidi zaidi ya hapo, hasa wale wanaotaka sadaka kwanza, waogope. Siku utakaposhindwa kusali sala ndefu, litaje jina la mwanao mbele za Mungu na unyamaze. Siku utakaposhindwa hata hilo, waombe wenzako kanisani wamtaje kwa niaba yako.

Aidha, hukutuambia kama umekwenda polisi. Kama bado, nenda na picha yake, utoe taarifa. Mwombe ndugu aliyeko Dar es Salaam aulize katika ofisi ya serikali ya mtaa alikokuwa akiishi, na hospitalini pia, ingawa twajua swali hilo ni gumu kuliko yote. Kuuliza si kupunguza imani.

Nawe jirani, kama gazeti hili limefika mikononi mwako, yafaa ufanye alivyofanya Eli alipotambua kosa lake. Usiende na mahubiri. Nenda na chakula, ukae, mle pamoja.

Mama, tuandikie tena, hata kama habari ni ileile.