Hela ya Tangawizi na Tundu la Radi

Wiki hii tuwekane sawa kuhusu dili linalowachanganya vijana wa video hapa Same mjini. Eti unachukua laptopu yako nyembamba, unachomeka kwa nje kadi ya grafiki ya kompyuta ya mezani, basi mashine inageuka simba. Wengine wanasema fiksi. Siyo fiksi jamani, ni kweli kabisa, ila ina masharti kama dawa ya mganga.

Kuna mshikaji wangu anapiga video za harusi na sendofu. Bibi harusi anataka kazi yake haraka, huku DaVinci Resolve kila ikifika kwenye rangi inamwambia kumbukumbu ya grafiki imejaa. Juzi mama yake kateremka kutoka Mamba Miamba na hela ya tangawizi, akamkabidhi: "Haya mwanangu, kanunue hicho kidude chako, lakini ada ya mdogo wako imo humo humo." Unaisikia hiyo? Na sisi Wapare tunavyosemwa kwa kubana shilingi, ukiona mama kafungua kitambaa ujue ameamini kweli.

Jamaa akataka kupanda basi la Dar siku ile ile. Nikamwambia tulia kaka, kwanza tuangalie tundu.

Kadi ya grafiki inataka barabara pana ya kupitisha kazi. Zamani watu walikuwa wanafungua laptopu, wanang'oa kikadi cha Wi-Fi na kupitisha waya pale pale. Inafanya kazi, lakini ni njia ya baiskeli. Mambo yalinyooka mwaka 2015 ilipokuja Thunderbolt 3, gigabiti 40 kwa sekunde. Siku hizi kuna na OCuLink inayofika 64, ila laptopu zenye tundu hilo ni za kutafuta kwa tochi.

Sasa sikia utata wake. Thunderbolt 3 inatumia tundu lenye umbo lile lile la USB-C. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, ambayo ndiyo ya mshikaji wangu, ina matundu mawili ya namna hiyo yamekaa jirani kama mapacha. Moja ni la kawaida, jingine lina kialama cha radi. Hilo la radi ndilo lenyewe. Ukichomeka kwa pacha wake utakesha. Na wewe mwenye Mac ya M1 ya mwaka 2020 au iliyofuata, pole dada, Apple hawakuiwekea uwezo wa kutumia kadi ya grafiki ya nje.

Ya pili ni umeme. Chaja ya laptopu nyingi inatoa wati 65. Kadi ya GTX 1060 peke yake inakula 120, RX 580 inakula 185. Kwa hiyo lazima kadi iwe na pawa saplai yake, na unawasha hiyo kwanza, laptopu baadaye. Hapo ndipo penye mtego ambao wauzaji hawausemi. Tumezoea umeme ukikatika laptopu inaendelea na betri yake. Ukiwa na kadi ya nje, umeme ukienda kadi inakufa papo hapo, laptopu inabaki imeduwaa, na harusi ya watu imo ndani. Bila UPS, sevu kila baada ya dakika mbili kama mtu anayetafuna karanga.

Skrini nayo ichomekwe kwenye kadi yenyewe. Ukirudisha picha kwenye kioo cha laptopu, zinapishana kwenye waya ule ule na kasi inapungua.

Kuna maboksi mazuri ya kuifunika kadi, yana feni na taa, lakini bei yake ndiyo ada yenyewe. Bodi ya wazi ya Thunderbolt ni nafuu, ila kadi inabaki uchi. Kwa wenzetu wa Chome kwenye baridi na ukungu sawa. Huku bondeni, kwa upepo wa Same na vumbi lake, itabidi aifunike kila akimaliza kazi na kuipuliza kila wiki.

Kadi tumekubaliana achukue iliyotumika. Zipo nyingi, maana Septemba 2022 Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi, wachimbaji wakazimwaga sokoni. Nyingine zilichemka usiku na mchana miaka miwili, kwa hiyo muuzaji aiwashe nusu saa mbele ya macho yako kabla hujatoa hata mia.

Tumeshageuza laptopu. Alama ya radi ipo. Mshikaji anaondoka Jumatatu na laptopu yake begani, atachomeka huko huko dukani. Hela ya ada mama kaichomoa kwenye bahasha na kuirudisha kwenye kitambaa, akatuuliza: "Na kikiharibika njiani, kinarudishwa?" Mshikaji kaniangalia mimi.