Mstari Mwekundu Katika Mswada wa Pamoja: Nani Mwamuzi wa Tahajia?

Waandishi wanaposhirikiana kuandika mswada mmoja kwa kompyuta, aghalabu hukuta mistari myekundu yenye mawimbi chini ya maneno ya Kiswahili yaliyo sahihi kabisa. Mistari hiyo, iliyoanza kuonekana katika Microsoft Word ya mwaka 1995, imezua desturi isiyofaa: mwandishi mmoja huificha ili ukurasa upendeze, kisha huupeleka mswada kwa wenzake. Makala haya yanadai kwamba desturi hiyo huudhuru mswada, na kwamba dawa yake ni kuitambulisha ipasavyo lugha ya matini.

Kwanza, ieleweke kwamba chanzo cha alama hizo si upungufu wa Kiswahili. Programu huyapima maneno kwa kamusi ya lugha iliyotajwa ndani ya hati, na lugha hiyo, isipobadilishwa, mara nyingi ni Kiingereza. Hivyo neno "tume" hupigiwa mstari, ilhali "tune", kosa la kidole kilichoteleza hadi herufi ya jirani, hupita salama kwa kuwa ni neno la Kiingereza. Kikaguzi cha namna hiyo humtia hatiani asiye na kosa na kumwachia mkosaji.

Pili, mipangilio yote haikai mahali pamoja. Amri ya kuficha makosa katika hati huhifadhiwa ndani ya hati yenyewe na kusafiri nayo. Anayeipokea huona ukurasa safi asijue kuwa alama zimefichwa. Utambulisho wa lugha nao husafiri na hati. Lakini orodha ya maneno ambayo mwandishi ameyaongeza katika kamusi yake, kwa kawaida haiandamani na hati. Ndiyo maana neno lililokwisha kukubaliwa na mmoja huonekana kosa kwa mwenzake.

Huenda ikadaiwa kwamba alama hizo huvuruga fikra. Hoja hiyo ina uzito wakati wa kubuni. Haina uzito wakati wa kukabidhi. Aliyezificha hana budi kuzirejesha kabla mswada haujatoka mikononi mwake.

Hata kikaguzi cha Kiswahili chenyewe kina mipaka. Kitenzi "soma" huzaa "tulivyosomeshwa", "watakaposomeana" na "asiyesomeka". Orodha ya maneno pekee haiwezi kuyamaliza. Kwa sababu hiyo Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kazi ya kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta. Aidha, katika "kitabu yangu" kila neno lina tahajia sahihi. Kilichoharibika ni upatanisho, nao hukaguliwa na sarufi, si tahajia.

Kwa hiyo, kabla kazi haijaanza, washiriki waitambulishe matini yote kuwa ya Kiswahili na manukuu ya kigeni kwa lugha zake, wagawane orodha moja ya istilahi na majina, na mhariri wa mwisho asome alama zote zikiwa wazi. Mwanafunzi anayeliacha neno la haki ili mstari utoweke huwa ameyahamisha mamlaka ya Kiswahili sanifu, yaliyolelewa tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na kuyakabidhi kwa programu iliyodhani inasoma Kiingereza.