Basel Inaijua Ifakara. Nani wa Ifakara Anaijua Basel?

Kwa zaidi ya miaka 100 Waswisi wamekuwa wakija katika Bonde la Kilombero. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walianza kazi yao nchini mwaka 1921, wakichukua nafasi ya Wabenediktini wa Kijerumani walioondolewa baada ya vita. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy, mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Kitropiki iliyokuwa Basel, alianzisha maabara Ifakara. Mbegu hiyo ndiyo iliyokuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, inayoongozwa na Watanzania na kuheshimika duniani kwa utafiti wa malaria.

Tangu hapo mbu wetu wamehesabiwa, damu yetu imepimwa, kaya zetu zimeorodheshwa. Idete na Namawala, vijiji ambavyo Watanzania wengi hawavijui, ni majina ya kawaida katika majarida ya kisayansi ya Ulaya. Sisemi hivi kwa kinyongo. Utafiti wa vyandarua vyenye dawa uliofanyika katika bonde hili miaka ya 1990 uliokoa maisha ya watoto, na asiyeshukuru kwa hilo ni mnyimi wa fadhila. Ninachouliza ni jambo jingine: katika muda wote huo, nani kutoka Ifakara, Mang'ula au Michenga amekwenda Basel, akautembea mji ule kwa miguu yake, akauchunguza kwa maswali yake mwenyewe, kisha akarudi kutuandikia alichokiona?

Wapo waliokwenda. Wengi wao walikwenda kwa barua ya mwaliko, wakapokewa uwanja wa ndege, wakapelekwa hotelini, ukumbini, dukani, na kurudishwa uwanjani. Huko si kuujua mji. Mgeni anayeongozwa huona kile ambacho mwenyeji ameamua aonyeshwe. Anayetembea peke yake hupotea njia, huuliza, husoma vibao, hukaa kando ya mto akashangaa, na katika kushangaa huko huzaliwa swali ambalo halikuwamo katika ratiba ya mtu yeyote.

Basel inastahili maswali hayo. Chuo Kikuu chake kilianzishwa mwaka 1460. Kanisa lake kuu la mawe mekundu, ambamo amezikwa mwanazuoni Erasmus, liliharibiwa na tetemeko la mwaka 1356, likajengwa upya. Daraja la kwanza la mji huo juu ya mto Rhine lilijengwa karibu mwaka 1226. Daraja la mawe linalosimama mahali hapo leo lilifunguliwa mwaka 1905. Kwa mtalii wa kawaida, 1905 ni tarakimu tu. Kwa mtu wa bonde letu, huo ndio mwaka ambao mnamo tarehe 30 Agosti wapiganaji wa Majimaji walilishambulia boma la Wajerumani la Mahenge. Wakati Ulaya moja inasherehekea daraja, Ulaya nyingine ilikuwa inateketeza chakula cha babu zetu ili njaa imalize kile ambacho risasi hazikukimaliza. Hakuna kitabu cha kuongozea watalii kitakachoziweka tarehe hizo mbili katika ukurasa mmoja. Atakayeziweka ni msafiri aliyetoka huku.

Ukivuka mto, utakuta vivuko vinne vya mbao visivyo na injini. Vimefungwa kwenye waya uliotandazwa juu ya mto, na nguvu ya mkondo peke yake ndiyo inayovisukuma kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Mji una madaraja ya kutosha, lakini wananchi wake wameunda chama cha kuvitunza vivuko hivyo. Sisi tulivuka mto Kilombero kwa kivuko kwa miaka mingi, mwaka 2016 kikazama, na mwaka 2018 likazinduliwa daraja la mita 384. Daraja hilo ni neema isiyo na mjadala. Lakini nani kati yetu ameandika historia ya Kivukoni, ya mabaharia wake, ya waliofia majini? Msafiri wa Michenga akikaa ndani ya kile kivuko cha Basel, swali hilo litamjia lenyewe.

Tena lipo swali zito zaidi. Basel ni mji uliopata utajiri wake mkubwa kutokana na viwanda vya rangi vilivyogeuka viwanda vya dawa. Katika kampuni ya Geigy ya mji huo ndimo Paul Müller alimogundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Rudolf Geigy, aliyekuja Ifakara, alikuwa mtu wa ukoo huo huo. Uhusiano kati ya viwanda vya Basel na mbu wa Kilombero haujaandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyeumwa na mbu hao. Tumekubali kuwa watu wa kuchunguzwa, tukasahau kuwa kuchunguza ni haki yetu pia.

Mlango wa kwanza unaotuzuia ni viza. Uswisi imo katika utaratibu wa Schengen tangu Desemba 2008. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Utadaiwa bima isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, uthibitisho wa malazi, na juu ya yote uthibitisho kwamba utarudi kwenu. Afisa akiwa na shaka juu ya nia yako ya kurudi, kanuni zinamtaka akukatalie. Mswisi akitua Dar es Salaam hulipa dola 50, akagongewa muhuri, akapanda gari. Akisema amekuja kutembea tu, anaaminika. Mtanzania akisema anakwenda kutembea tu, sentensi hiyo hiyo inageuka ushahidi dhidi yake. Utaratibu huu umeumba Mtanzania wa aina moja anayeruhusiwa kuiona Ulaya: mwalikwa.

Najua kwamba wapo wanaokwenda wasirudi. Wahesabiwe wao, waulizwe wao. Kumhukumu mwalimu wa sekondari wa Ifakara kwa kosa la mtu asiyemjua ni dhulma, hata kama imechapwa kwenye fomu safi.

Mlango wa pili tumeufunga wenyewe. Watumishi wa umma wanaosafiri kwa fedha za umma hurudi na taarifa inayoishia kwenye jalada. Wahadhiri hurudi na makala ya Kiingereza inayosomwa na waliotualika. Wote hurudi na picha za simu. Linganisheni na watu wa miaka ya 1890. Amur bin Nasur wa Zanzibar, aliyefundisha Kiswahili Berlin, aliandika habari za mji ule. Selim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alifika Urusi na Siberia mwaka 1896 akaandika safari yake. Maandishi yao yalitolewa na Carl Velten mwaka 1901 katika kitabu Safari za Wasuaheli. Hawakuwa watu huru. Walisafiri katika utumishi wa Wajerumani. Hata hivyo waliitazama Ulaya kwa macho yao na kuieleza kwa lugha yao. Sisi tuna bendera, pasipoti na vyuo vikuu. Tuna udhuru gani?

Wapo watakaosema kwamba mkulima wa mpunga anayeuza gunia kwa hasara hana haja na Basel. Lakini mtoto wa mkulima huyo ndiye anayesoma katika darasa langu, na ndiye kesho atakayesaini mikataba ya utafiti, ya ardhi na ya dawa pamoja na watu wanaomjua vizuri kuliko anavyowajua. Anayekaa mezani na mtu ambaye hajawahi kuona kwao huuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, kila mkataba wa ushirikiano kati ya chuo chetu na chuo cha Ulaya useme wazi: kwa kila mwanafunzi wao anayekuja kukusanya takwimu vijijini kwetu, mmoja wetu aende kuuchunguza mji wao, nyaraka zao na viwanda vyao, kwa mada aliyoichagua mwenyewe. Pili, Serikali yetu iidai Schengen irudishe ada kwa kila anayenyimwa, na isione haya kuzungumzia usawa wa masharti. Tatu, kila mtumishi anayesafiri kwa kodi yetu aandike kwa Kiswahili alichokiona, na maandishi hayo yawekwe mahali ambapo mwananchi wa Michenga anaweza kuyasoma.

Nanyi wanafunzi, msingoje mkataba. Nauli ya Mahenge mnaiweza. Nendeni peke yenu mkalione boma, muulize, muandike. Anayejizoeza kuchunguza kwao hatakwenda Basel kupiga picha tu.