Kilimo hifadhi Dodoma: Mafunzo yapo, mabua yanaliwa

Kilimo hifadhi kina kanuni tatu: usitifue shamba lote, funika udongo kwa mabaki ya mazao, na changanya au zungusha mazao. Kwa mkulima wa Dodoma mwenye msimu mmoja tu wa mvua, kanuni ya pili ndiyo inayotunza unyevu mvua ikikata katikati.

Hapo ndipo panapokwama.

Mtama au uwele ukishavunwa, mabua yanayobaki ni malisho. Katika vijiji vingi, baada ya mavuno shamba ni la wote: ng'ombe na mbuzi wanaingia. Ikifika Desemba, udongo uko wazi. Na mfugaji si mkorofi. Kiangazi awalishe nini?

Bila mabua, kutotifua kunaweza kuwa hasara. Maji yanakimbia juu ya udongo mgumu, magugu yanajaa, na palizi mara nyingi inawaangukia wanawake.

Semina peke yake haitamaliza hilo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, ikiidhinishwa na wilaya. Wakulima na wafugaji wanaweza kukubaliana mashamba yapi yafungwe na mifugo ipite wapi. Mbaazi na fiwi pia husaidia: watu wanakula, mifugo inapata majani, udongo unapata kivuli.

Kipimo chenyewe ni rahisi: Novemba, kabla ya mvua, shamba lina mabua au halina?