Deni la mjini, kangomba ya kijijini

Nimepotea kidogo. Kwanza pilika za chumba cha habari, halafu nilikuwa nyumbani Mkotokuyana, kule Nachingwea, kwa wiki mbili. Kwa wasiopajua, huo ni mkoa wa Lindi, nchi ya Wamwera, nchi ya korosho. Nilikwenda na furaha ya mtu aliyemaliza deni. Nimerudi na jambo linalonikereketa, na leo naomba nilitoe.

Nianze na furaha. Nilikuwa na kiwanja Chanika, msingi na kuta za vyumba viwili, juu mawingu. Nikachukua mkopo wa mshahara, shilingi milioni 8, riba asilimia 17 kwa mwaka, miaka minne. Nikaezeka, nikatia milango na madirisha. Rejesho lilikuwa 230,800 kwa mwezi. Mimi nikaamua kulipa 350,800, yaani nyongeza ya 120,000 kila mwezi. Deni la miezi 48 likaisha kwa miezi 28, na riba niliyookoa ni kama milioni 1.35. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Wala hawakukosea.

Najua kuna mtu atauliza: kwa nini hukuchukua mkopo wa nyumba wa kweli, ule wa miaka 20, kama wenzetu Ulaya na Marekani? Jibu ni kwamba mkopo huo hapa kwetu bado ni wa wachache. Tulikuwa na Benki ya Nyumba Tanzania, THB, iliyoanzishwa 1972. Ikafa 1995, imeelemewa na madeni yasiyolipika. Baada ya hapo Mtanzania wa kawaida akabaki na njia ile ile ya baba yake: tofali moja moja, bati moja moja, nyumba inachukua miaka kumi. Sheria ya mikopo ya nyumba ilikuja 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayoyapa mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yaweze kukopesha kwa muda mrefu. Riba iliyokuwa asilimia 22 hadi 24 mwaka 2010 ilishuka baadaye hadi kati ya 15 na 19. Ni nafuu, lakini bado ni moto.

Hebu tupige hesabu kidogo. Milioni 50, riba asilimia 16, miaka 20. Rejesho ni kama 695,600 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba peke yake inakula 666,700 hivi. Deni la msingi linapungua kwa shilingi 29,000 tu! Ukienda hivyo hadi mwisho utakuwa umeipa benki karibu milioni 167. Sasa ongeza laki moja kila mwezi tangu mwanzo. Deni linaisha kwa miaka kama kumi na moja na nusu, na jumla uliyolipa ni milioni 109 hivi. Umeokoa zaidi ya milioni 57, kupita hata ule mkopo wenyewe. Hakuna uchawi hapo. Riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki, na rejesho la kawaida limeshailipa riba ya mwezi huo. Kila shilingi unayoongeza juu yake inakwenda moja kwa moja kulipunguza deni la msingi, na mwezi unaofuata riba inapungua.

Kwa anayetaka kujaribu, mambo matatu niliyojifunza kwa kuumia. Moja, soma mkataba kabla hujasaini. Kuna mabenki yanayotoza ada ukilipa mapema, na kuna mikopo ambayo riba yake inahesabiwa kwenye fedha yote uliyochukua siku ya kwanza mpaka siku ya mwisho. Huo wa pili ukiuwahisha huokoi kitu, labda mkataba useme vinginevyo. Mbili, nyongeza yako iandikie barua: sema ipunguze deni la msingi na ifupishe muda. Mimi miezi mitatu ya mwanzo nyongeza yangu ilikuwa inakaa tu, inahesabiwa kama rejesho la mwezi ujao lililowahi. Tatu, kila baada ya miezi michache omba taarifa ya mkopo uone salio kwa macho yako.

Na hiyo 120,000 ilitoka wapi? Sikuwa na biashara pembeni. Nilirudi kukaa chumba kimoja na rafiki pale Mabibo, kodi tukagawana. Chakula cha mchana nikawa nakuja nacho kwenye kontena, wali maharage wa jana. Bodaboda nikaziaga, nikagombea daladala kama zamani. Simu ilipasuka kioo nikaendelea nayo hivyo hivyo. Kadi za michango ndizo zilizonipa shida. Mjini hapa kuna kadi ya harusi, ya sendoff, ya kitchen party, ya kipaimara, na kila mwenye kadi ni mtu wako wa karibu. Niliweka kiwango, elfu kumi, na hakikupanda hata kwa bwana harusi niliyesoma naye chuo. Ofisini wakaniita Bahili. Sikujali. Nilijiambia dawa ya deni ni kulipa, na aliyenicheka hanilipii.

Mpaka hapo mnaweza kudhani naandika kujisifu. Subirini.

Mwezi wa pili mwaka huo, Mzee alinipigia. Kwa kawaida huwa nampigia mimi. Baada ya shikamoo na habari za kazi, akasema chakula kimekata, na mdogo wetu amepangiwa shule ya bweni, vifaa bado. Anaomba kama laki mbili na nusu. Wadau, nilikuwa nazo. Nilikuwa na 240,000 mfukoni, nyongeza za miezi miwili ambazo nilikuwa sijazipeleka benki. Nikamwambia, "Baba, naomba unisamehe, mwezi huu nimebanwa sana." Akasema, "Haya mwanangu, usijali, tutaangalia." Kesho yake asubuhi nikaipeleka ile fedha benki, nikatoka nimenyoosha mabega.

Mwezi wa kumi nikafika Mkotokuyana. Ni msimu, watu wanaokota korosho, magunia yanapelekwa chama cha msingi, wote wanasubiri mnada wa Runali. Nikamkuta Mzee anapanga magunia mawili na nusu pembeni, mbali na mengine. Nikauliza kwa nini haya hayaendi ghalani na wenzake. Akanyamaza. Mama ndiye aliyejibu: "Hayo si yetu. Yalishauzwa tangu mwezi wa pili."

Kangomba.

Kwa msiotoka kusini, kangomba ni biashara ya kununua korosho kienyeji, kwa bakuli, nje ya mfumo halali. Mfanyabiashara anakuja wakati wa njaa, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Anakupa fedha au unga, na korosho ya msimu ujao inakuwa yake. Imepigwa marufuku miaka mingi. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia kwenye korosho 2007, lengo likiwa mkulima apeleke mzigo kwenye chama, upimwe kwa mizani na uuzwe mnadani. Novemba 2018, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuisomba, wakulima walihakikiwa ili kuwanasa watu wa kangomba. Lakini kangomba haifi, kwa sababu njaa ya mwezi wa pili haijafa.

Mzee alichukua 250,000 kwa kilo 250, elfu moja kwa kilo. Kilo zile zile mnadani, baada ya makato yote, zisingempa chini ya 2,500 kwa kilo, yaani 625,000. Kwa hiyo kukopa laki mbili na nusu kwa miezi minane kumemgharimu 375,000. Asilimia 150! Na mimi kwa kupeleka fedha ile benki niliokoa nini? Asilimia 17 ya 250,000 kwa miezi hiyo minane ni kama shilingi 28,000.

Rudieni kuisoma hiyo. Niliokoa 28,000, nyumbani wakapoteza 375,000. Mimi, msomi wa chuo kikuu, ninayewachorea wenzangu majedwali ya riba wakati wa chai.

Jioni tulikaa nje na Mzee. Nikamweleza habari ya mkopo, maana hakuwa anaujua. Nilimficha kwa sababu sikutaka ajue nyumba ya Chanika imeezekwa kwa deni. Akacheka kidogo, halafu akasema neno ambalo limenifanya niandike haya: "Wewe hukuniambia unadaiwa, na mimi sikukuambia nimeuza. Tumelipa wote wawili."

Sasa msimamo wangu ni huu. Kulipa deni mapema ni jambo jema, na kujinyima kwa ajili yake si ubahili. Sirudi nyuma hapo. Kijana mwenye mkopo wa benki ambaye kila Ijumaa anaacha elfu hamsini Sinza anajiibia mwenyewe. Lakini nyongeza yako iende kwanza kwenye deni lenye riba kali kuliko yote. Ukiwa na mkopo wa benki na zile za simu au kausha damu, anza na hizo za mwisho. Deni la Bodi ya Mikopo linakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na tangu ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilipoondolewa 2021, halivimbi tena. Hilo acha likatwe taratibu, nguvu ipeleke kwingine.

Na la muhimu zaidi: ukiorodhesha madeni yako, usiishie kwenye jina lako. Vitabu vya fedha tunavyosoma, vingi vya Marekani, vinamhesabu mtu mmoja na benki yake. Sisi hatuishi hivyo. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mikorosho ile ile. Mzee akikopa kwa asilimia 150, mwishowe ni mimi nitakayepigiwa simu. Basi ni afadhali nilijue deni hilo likiwa changa.

Kuna atakayesema: ndugu hawaishi shida, ukifungua mkono hutamaliza deni lako milele. Hoja hiyo ina ukweli, nami ndiyo niliyojifichia mwezi wa pili. Ila harusi ya mwenzako wa chuo na njaa ya nyumbani si kitu kimoja, na mimi nilizijibu kwa sauti ile ile ya kubanwa. Siku hizi simu ikija nauliza swali moja: nisipotoa, nani atatoa, na kwa bei gani?

Tumekubaliana na Mzee. Zile 350,800 nilizokuwa napeleka benki sasa ni zangu, na laki moja kati ya hizo inakaa kwenye akaunti tunayoiita ya kifuku. Haiguswi mpaka mwezi wa kwanza. Safari hii akija mtu na bakuli lake, atakuta chakula kipo ndani.

Huo ndio mtazamo wangu. Kabla hujapeleka nyongeza ya mwezi huu benki, piga simu nyumbani uulize kama korosho, kahawa au mpunga wa mwaka huu bado ni wao.

Nawasilisha.